Kufuli la Siku Tisa

Kwa miaka kumi na saba kasha lile lilikaa juu ya kichuguu bila kufuli, na hakuna aliyeliogopa. Lilikuwa kasha la chuma la mafundi wa reli, la kuwekea spana, zito kiasi kwamba mwizi angelibeba angejuta kabla hajafika mbali. Bernadeta ndiye aliyelipeleka kule, mbugani ng'ambo ya kijiji chetu cha Katindiuka, mahali ambapo kila masika mto hufurika hadi vibaki vichuguu tu vikichungulia majini. Mumewe alikwama huko masika moja. Walipomkuta alikuwa amekufa kwa homa na baridi, ana mpunga wa kutosha na sufuria, ila kiberiti kilikuwa kimelowa.

Matanga yalipokwisha, Bernadeta alimwomba fundi mmoja wa reli lile kasha. Akatia humo viberiti vilivyofungwa kwenye nailoni, chumvi, mihogo mikavu, kipande cha turubai na vidonge vya klorokwini. Akatia pia daftari na penseli. Sheria yake haikuwa na mambo mengi: chukua kinachokufaa, weka ulichonacho, andika jina lako tujue umepita, na kama hujui kuandika, chora. Basi daftari likajaa. Wapo walioandika majina yao na ya wake zao, wapo waliochora samaki au jembe. Kibarua mmoja aliyekuwa akitoka Mngeta kwa miguu aliweka kifungo cha shati, watu wakamcheka mwaka mzima, lakini kifungo kilikubaliwa kuwa ni kitu.

Bernadeta alipoanza kuumwa magoti, utunzaji wa kasha ulimwangukia Tadei, mtoto wa dada yake. Tadei alikuwa na shamba la mpunga kule kule mbugani na dungu la kulindia ndege, kwa hiyo njia ilikuwa yake. Alikuwa mtu makini. Mkewe, Agnella, alisema angeweza kukuambia punje ngapi zimedondoka toka ghalani hadi jikoni. Watu wa namna hiyo ni wazuri kukabidhiwa vitu, mradi usiwakabidhi na watu.

Mwaka wa tisini na nane, mvua zile zilizosahau kukoma zikiendelea, Tadei alifungua kasha akalikuta tupu. Turubai halipo, dawa hazipo, viberiti hakuna. Hakuna kilichowekwa, hakuna jina lililoandikwa. Akaubamiza mfuniko kwa hasira. Akaenda moja kwa moja kwa mama yake mdogo, akamkuta barazani anapeta mchele.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Mbona umevimba hivyo?"

"Tunachezewa. Kasha limekombwa lote. Hawa wageni wanaoshuka na ng'ombe hawana habari na taratibu zetu."

"Uliwaona?"

"Sikuwaona. Lakini nani mwingine?"

"Watu wa hapa hawana mikono?"

"Nitatia kufuli," Tadei akasema. "Nitachongesha funguo, kila kaya ya kwetu ipate wake."

"Na asiye wa kwetu?"

"Huyo ndiye ninayemfungia."

Bernadeta akaweka ungo chini. "Baba yako mdogo alikuwa wa kwetu hapa," akasema. "Alikofia, kwa watu wa upande ule, alikuwa mgeni. Usitie kufuli, Tadei. Nakuomba."

Tadei akaitikia kwa mdomo. Wiki ile ile akaenda Kibaoni akanunua kufuli dogo la Kichina, akajaza kasha vitu vipya kwa mfuko wake mwenyewe, akalifunga siku ya Jumatatu. Ufunguo akautia kwenye uzi, akauvaa shingoni chini ya shati. Hizo funguo za kaya nyingine angezichongesha maji yakipungua. Hakumwambia mtu, hata Agnella, kwa sababu alijua lingemfikia mama yake mdogo kabla ya jioni.

Siku ya sita tangu alifunge, saa tisa alasiri, alikuwa anarudi kutoka dunguni na mtumbwi. Mawingu yalikuwa yameshuka, mvua haijaanza. Alipokikaribia kichuguu, pakiwa pamebaki kama urefu wa uwanja wa mpira, akaona mtu. Mwanamume amekaa kando ya kasha, amejifunika shuka la bluu, fimbo ya kuchungia imelazwa magotini. Mtu yule naye akamwona. Akainua mkono. Hakuupunga wala hakupiga kelele. Aliuinua tu, akaushikilia hapo juu.

Tadei akawaza: amekutana na kufuli huyo. Na tusifichane, alifurahi. Alifurahi kama mtu aliyetega mtego akasikia unafyatuka. Kumbe nilikuwa sahihi, akajisemea, ndio hao hao. Akasukuma pondo, mtumbwi ukapita. Baadaye alijiambia kwamba maji yalikuwa yanakwenda kasi, asingeweza kukata upande ule. Maji hayakuwa yanakwenda kasi. Alipofika kwenye matete aligeuka kutazama, akaona mkono bado uko juu.

Usiku huo ikaanza mvua ya siku tatu. Usiku wenyewe Tadei alikula na kulala vizuri. Siku ya saba alimkumbuka mtu yule mara moja, wakati anasogea karibu na moto. Siku ya nane chakula hakikupita. Agnella akamuuliza kama anaumwa, akasema hapana. Kulipopambazuka siku ya tisa, mvua ikiwa imekuwa manyunyu tu, alitoka bila kunywa hata uji.

Mtu yule alikuwa pale pale. Amekaa, mgongo ameuegemeza kwenye kasha, shuka limemgandia mwilini, kichwa kimeinama kidogo kama cha mtu anayesinzia kanisani. Midomo ilikuwa imebabuka kwa homa; alikuwa amekufa si muda mrefu. Kandoni mwake palikuwa na panga, panga zuri, limenolewa. Tadei alilitazama lile panga, halafu akalitazama kufuli. Halikuwa na hata mkwaruzo. Pigo moja la mgongo wa panga lingelivunja, hata mtu mgonjwa angeweza. Ndani ya lile kasha, mgongoni kwake kabisa, palikuwa na dawa ya ile homa iliyomuua, na kiberiti, na turubai.

Tadei akakaa kwenye udongo uliolowa akalia, na kilio kilikuwa cha kweli. Lakini mkono wake ulikuwa na akili zake. Uliingia kwenye kola ya shati ukautoa ufunguo, ukafungua kufuli, ukalitupa majini na ufunguo wake. Yote hayo kabla hajamfumba marehemu macho. Kisha akapanda mtumbwi kwenda kuita watu.

Walikuja wanaume kumi na wawili, wakiongozwa na Fulgensi, mwenyekiti wa kitongoji, mtu mwenye sauti kubwa kuliko kazi yake. Waliinua mfuniko wa kasha, ukafunguka bila shida. Wakaona vidonge. Wakaona viberiti vikavu. Wakatazamana.

"Mtu ana homa," Fulgensi akasema polepole, "na dawa iko mgongoni kwake. Ana mikono. Mfuniko hauna hata komeo. Kwa nini hakufungua?"

Mmoja akarudi nyuma hatua moja, na wengine wakamfuata, mpaka Tadei akajikuta yuko peke yake karibu na kasha. Hapo ndipo pangekuwa pa kusema. Alifungua mdomo, kisha akainama kumfunika marehemu shuka.

Walimzika ukingoni mwa Katindiuka, wakamsomea sala bila kujua dini yake. Tangu siku ile hakuna aliyeligusa kasha. Wavuvi waliokuwa wakipumzika kichuguuni wakawa wanazunguka mbali. Mama mmoja alikwama na mtoto mchanga, mvua inamwagika, akapita karibu kabisa na turubai akaenda kujikunyata kwenye matete hadi asubuhi. Wote walijua sababu: ukilikaribia kasha lile, kitu kinakushika mikono. Kufuli la Kichina lilikusudiwa kufunga wageni tu. Hili jipya, la hofu, lilimfunga kila mtu, na halikuwa na ufunguo wa kulifungua isipokuwa ulimi wa Tadei.

Naye Tadei hakuwa na amani. Wenzake waliogopa kasha, yeye aliogopa mkono. Hakuuona usiku, usiku ungekuwa nafuu. Aliuona mchana kweupe. Anapalilia, anainua uso kufuta jasho, na kule kichuguuni pamekaa mtu, mkono uko juu. Akifumba macho akifumbua, hakuna kitu. Alianza kulima ameupa mgongo upande ule, halafu akahisi mkono umeinuliwa nyuma yake, na hilo likawa baya zaidi. Wanakijiji wenzake wakipungiana njiani, yeye aliinamisha kichwa. Agnella akasema, "Watu wanasema unaringa siku hizi." Angejua.

Siku moja alijitia ujasiri. Aliwaita watu watano, akawapeleka kichuguuni, akasema atawaonyesha kwamba kasha ni chuma tu. Akalifungua mbele yao, akatoa kipande cha muhogo akakitafuna. Lakini mikono ilimtetemeka hadi muhogo ukamgonga meno, na wale watano waliona. Siku nne baadaye malaria ikamlaza, malaria ya kawaida ambayo masika ile ilimlaza kila mtu. Basi habari ikatembea Katindiuka nzima: Tadei alikula cha kasha, kasha linamla.

Na watu wakishakuwa na hofu ya kutosha, hutafuta aliyeileta. Nani alilipeleka lile kasha kule? Bernadeta. Nani mumewe alifia mbugani, hata kiberiti kikakataa kuwaka? Bernadeta. Nani kila mwaka anauliza nani kapita, nani kaandika jina? Majina ya watu wote yamo mikononi mwake, wakasema, na ukimpa mtu wa namna hiyo jina lako umempa shingo.

Kwetu, tuhuma ya uchawi haipelekwi kituo cha polisi. Anayetuhumiwa, anayetuhumu na ndugu wa pande zote huongozana kwenda kwa mganga ng'ambo ya mto, wananyolewa kichwa na mwili, wanaoshwa kwa dawa. Inasemwa kwamba kunyolewa kunamaliza maneno. Nimewaona waliotoka huko. Nywele zao ziliota. Lakini hakuna tena aliyekaa nao benchi moja kanisani, na walipokufa walizikwa na watu wachache. Fulgensi akapanga safari iwe Jumamosi.

Bernadeta hakubisha. Hilo ndilo lililomuumiza Tadei kuliko yote. Alimkuta anakunja khanga zake, ametulia.

"Mama mdogo, usiende."

"Nisipoenda watasema nimekataa kwa sababu ninao uchawi. Nikienda watasema nilikuwa nao. Bora niende, wapumzike." Akamtazama. "Utanisindikiza? Lazima awepo ndugu."

"Nitakusindikiza," Tadei akasema. Alitaka kusema na lile jingine, la kufuli. Aliliandaa Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, na kila alipofika kwake alimkuta na mtu, au alijiambia kwamba kuna mtu.

Jumamosi asubuhi uwanja wa Bernadeta ulijaa. Mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, amejifunga khanga ya safari, kifurushi mkononi. Fulgensi anahesabu watakaoingia kwenye mtumbwi wa kwanza. Ndipo akaingia mtu mrefu, miguu ina matope hadi magotini. Akasimama pembeni ya uwanja, hakusogea mpaka alipokaribishwa.

"Shikamooni wazee," akasema. "Naitwa Maduhu. Nimetembea siku tano. Nimesikia mmezika mtu mwenye shuka la bluu na bangili ya shaba mkono wa kushoto. Ni mdogo wangu, Nkwabi. Alipotelewa na ndama wawili akawafuata huku. Nimekuja kuona kaburi, na kuwaombeni mniambie alikufaje, maana ameacha mke."

Fulgensi akakohoa, akasema kwa huzuni iliyopangwa vizuri, "Pole sana. Ndugu yako aliuawa kwa mambo ya giza. Na aliyehusika ndiye huyo unayemwona mlangoni. Tunampeleka leo."

Maduhu akageuza uso kumtazama Bernadeta. Bibi wa watu hakuinamisha kichwa, ila kifurushi kilimponyoka. Tadei akakiona kinaanguka, akakiona kinatua vumbini, na ulimi wake ukafunguka bila yeye kuuamuru.

"Kasha lilikuwa na kufuli," akasema.

"Nini?" Fulgensi akauliza.

"Lilikuwa na kufuli. Nililitia mimi, dogo la Kichina, Jumatatu moja. Mama mdogo alinikataza, nikalitia kwa siri. Nilipomkuta amekufa nikalitoa, nikalitupa majini, ndipo nikawaita. Hakuna uchawi wala jini. Hakufungua kwa sababu nilimfungia."

Mtu mmoja akacheka. Wa pili akacheka, na kicheko kikazunguka uwanja mzima.

"Tadei," Fulgensi akasema, kama anayembembeleza mtoto, "tunajua unampenda mama yako mdogo. Lakini mtu ana panga! Wote tumeliona. Anakufa, dawa iko ndani, kufuli lenyewe unasema dogo la Kichina, na asilivunje? Danganya uongo unaobebeka."

"Ni kweli."

"Lete hilo kufuli basi."

"Nimesema nililitupa."

Wakacheka tena. Tadei alitazama nyuso zile za watu aliokua nao, akaona kwamba hata mmoja hamwamini, na kwamba uchawi kwao ulikuwa mwepesi kuamini kuliko mtu mwema. Alikuwa amebeba ukweli wiki saba akiogopa utamuua, na sasa ameutoa haununuliki. Bernadeta hakucheka. Alimtazama kwa namna ambayo Tadei alitamani angecheka.

Maduhu hakucheka pia. Alikuwa amechuchumaa, fimbo mbele yake.

"Alikuwa amekaaje?" akauliza.

"Mgongo kwenye kasha," Tadei akasema. "Ametazama majini. Ametazama njia ya mitumbwi."

"Na panga?"

"Kandoni, ardhini. Safi."

Maduhu akaitikia kwa kichwa polepole kama mtu anayesikiliza jambo analolifahamu. "Huyu anasema kweli," akawaambia watu, na vicheko vikakatika. "Baba yetu ana ng'ombe mia tatu, na lango la zizi linafungwa kwa kamba tu. Tulifundishwa hivi: ukikuta kwa mtu pamefungwa, hata mvua inanyesha, hata simba analia, hukati. Unakaa mlangoni mpaka mwenyewe aje. Nkwabi asingevunja. Kama pangekuwa wazi angefungua, angekula, angewawekea hata hiyo bangili yake. Kufuli lilimwambia kwamba pale pana mwenyewe. Alikuwa anamsubiri."

Mwanamke mmoja akaenda kuokota kifurushi cha Bernadeta, akakipangusa vumbi. Nyuma, wawili watatu walianza kuondoka bila kuaga, kama watu waliokumbuka wameacha chungu motoni. Ilikuwa imekwisha. Hakuna tena mtumbwi ambao ungevuka siku ile, na kila mtu alijua.

Tadei angeweza kuishia hapo. Alikuwa amesema, ameaminiwa, mama yake mdogo amepona. Angeomba radhi, angetoa mbuzi, angemsaidia Maduhu kujengea kaburi, na watu wangesema ni mtu aliyekosea akakiri.

Maduhu akainuka, akamsogelea. Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilikuwa gumu kulitazama.

"Niambie kitu kimoja tu, kaka, nikamwambie mama," akasema. "Siku zote hizo alizokaa pale. Mwenyewe hakupita?"

Tadei alimtazama Bernadeta mlangoni, kisha akamgeukia Maduhu.

"Nilipita," akasema.

"Ulimwona?"

"Nilimwona. Siku ya sita tangu nitie kufuli, alasiri. Alikuwa mzima. Aliniinulia mkono."

Maduhu akasubiri. Alikuwa anatazama mdomo wa Tadei kama mtu anayetazama mlango, akiwa na hakika kwamba kuna kitu kingine kinakuja, kwa sababu mtu hawezi kuinuliwa mkono ikaishia hapo.

"Na wewe," akauliza, "ulimwitikia?"

Tadei akatikisa kichwa, hapana. Mlangoni, Bernadeta akakaa chini na khanga yake ya safari, akaanza kumlilia Nkwabi kwa jina, kama anavyoliliwa mtoto wa nyumbani.